Spika za Kompyuta Zinapovuma: Namna ya Kutafuta Chanzo Bila Kupoteza Fedha Wala Kuhatarisha Maisha

Mlaji hununua spika za kompyuta ili asikie muziki, mahubiri, masomo au taarifa ya habari. Badala yake husikia mvumo mzito usiokwisha, au mkwaruzo unaokuja na kuondoka, au mlio wa kudonoadonoa unaotangulia simu kuita. Wengi hudhani spika ni mbovu, wakazitupa na kununua nyingine, kisha mvumo uleule ukawangoja nyumbani. Wengine hupewa ushauri wa hatari zaidi: wavunje au wakate pini ya ardhi kwenye plagi, mvumo utakoma. Ni kweli kwamba mara nyingine mvumo hukoma. Lakini kinachoondoka pamoja nao ni kinga ya mwenye nyumba dhidi ya kupigwa na umeme.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mlaji wa kawaida wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega: mwenye duka la steshenari, mwalimu wa maabara ya kompyuta, mhudumu wa vyombo vya kanisani au msikitini, na familia yenye kompyuta moja na sabufa sebuleni. Inaeleza kelele hizo zinatoka wapi, namna ya kukitambua chanzo bila kifaa cha kitaalamu, lipi unaweza kulifanya mwenyewe na lipi ni la fundi pekee.

MVUMO NI NINI

Umeme wa gridi nchini Tanzania hutolewa kwa volti 230, na mwelekeo wake hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Mzunguko huo, ukipenya mahali pa sauti, husikika kama mvumo mzito. Ndani ya spika mna sehemu inayougeuza umeme huo kuwa umeme wa mwelekeo mmoja. Kazi hiyo huacha mawimbi madogo yanayorudi mara 100 kila sekunde, na kapasita ndizo zinazoyalainisha. Kapasita zikichakaa kwa joto au kwa umri, mawimbi hayo hufika kwenye koni ya spika, nawe husikia mvumo mkali kidogo kuliko ule wa kwanza.

Kelele nyingine si za mizunguko ya gridi. Mlio mwembamba unaobadilika kila unaposogeza kipanya au kufungua faili hutoka ndani ya kompyuta yenyewe. Mlio wa kudonoadonoa hutoka kwenye simu. Mkwaruzo unaotokea waya unapoguswa hutoka kwenye plagi au waya uliokatika ndani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusikiliza kwa makini: je, kelele ni nzito na ya kudumu, ni nyembamba na ya kubadilika, au huja kwa vipindi? Jibu la swali hilo hupunguza nusu ya kazi.

MAJARIBIO MATANO YA NYUMBANI

Fanya majaribio haya kwa mpangilio, ukibadili kitu kimoja tu kila mara. Ukibadili vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilileta nafuu.

1. Punguza sauti ya spika hadi mwisho kwa kitufe chake. Mvumo ukibaki vilevile, chanzo kimo ndani ya spika au kwenye umeme unaoilisha. Ukipungua pamoja na sauti, basi unaingia kupitia waya wa sauti.

2. Chomoa waya wa sauti upande wa spika, ikiwa waya huo unachomoka. Usiguse ncha ya plagi wakati sauti iko juu, kwa kuwa mwili wa binadamu nao hubeba mvumo wa umeme uliomzunguka. Spika ikinyamaza, yenyewe ni nzima na tatizo liko kabla yake.

3. Mahali pa kompyuta, unganisha simu inayotumia betri yake na isiyochajiwa. Iweke katika hali ya ndegeni, kisha cheza wimbo ulio ndani ya simu. Sauti ikiwa safi, waya na spika ni vizima. Mshukiwa ni kompyuta au namna ilivyounganishwa na umeme. Mvumo ukiendelea, badili waya wa sauti kabla ya kuilaumu spika.

4. Kama una kompyuta mpakato, irudishe kwenye spika, kisha chomoa chaja yake ili itumie betri. Mvumo ukikoma papo hapo, umekaribia sana jibu: ni chaja, au ni ule mzunguko wa ardhi unaoelezwa hapa chini.

5. Zima jirani wa spika mmoja baada ya mwingine: taa za LED, kidhibiti kasi cha feni, friji, chaja ya simu, king'amuzi na inveta. Kelele ikikoma kifaa fulani kinapozimwa, umempata mkosaji bila kufungua skrubu hata moja.

Andika matokeo kwenye karatasi. Karatasi hiyo itamsaidia fundi, na itakulinda dhidi ya kuuziwa kifaa usichokihitaji.

MZUNGUKO WA ARDHI

Chanzo cha mvumo mzito kinachosumbua wengi ni kile ambacho vifaa viwili, kila kimoja kizima, huvuma vikiunganishwa pamoja. Tuchukue mfano wa ukumbi ambamo kompyuta imechomekwa kwenye soketi ya ukuta wa mbele na spika kubwa kwenye soketi ya ukuta wa nyuma. Kila moja ina waya wake wa ardhi, ambao mafundi wengi huuita ethi. Waya wa sauti unapoziunganisha, njia ya pili kati ya ardhi mbili hupatikana. Kwa kuwa ardhi hizo hazina volti sawasawa, mkondo mdogo hupita katika ganda la waya wa sauti, na spika huupokea mkondo huo kama sehemu ya muziki.

Dawa ya kwanza haina gharama. Chomeka kompyuta, skrini na spika kwenye ekstensheni moja yenye ethi, kutoka soketi moja ya ukutani. Ardhi zote zitakutana mahali pamoja na tofauti ya volti itapungua sana. Vifaa hivyo vya ofisi au vya nyumbani kwa kawaida havizidishi uwezo wa soketi: plagi ya ampia 13 kwa volti 230 hubeba takribani wati 2,990. Hata hivyo, usichomeke pasi, birika wala jiko la umeme kwenye ekstensheni hiyo hiyo. Kwa spika kubwa za ukumbini, soma kwanza wati zilizoandikwa mgongoni mwake.

Dawa ya pili ni kitenganishi cha waya wa sauti. Ni kijisanduku chenye transfoma ndogo ndani, ambazo hupitisha sauti bila kuunganisha ardhi za pande mbili. Hufungwa kwenye waya wa sauti, kamwe si kwenye waya wa umeme. Katika kumbi zenye waya mrefu kati ya kompyuta na mikisa, ni bora zaidi kutumia waya wa nyuzi tatu wenye plagi za XLR, mradi vifaa vya pande zote mbili vimetengenezwa kuupokea. Kuunganisha kwa Bluetooth nako huvunja mzunguko, kwa sababu hakuna tena waya wa sauti kutoka kwenye kompyuta.

JAMBO LISILOFANYWA KAMWE

Usikate, usivunje wala usikwepe pini ya ardhi. Katika plagi ya pini tatu bapa inayotumika nchini, pini hiyo ni ile kubwa ya juu. Kazi yake si kuboresha sauti, bali ni kuokoa maisha. Waya wenye umeme ukigusa bodi ya chuma ya kifaa, ethi huupa mkondo njia ya kwenda ardhini ili fyuzi au saketi breka ikate umeme. Pini ikiwa imevunjwa, bodi hubaki na volti 230 ikimsubiri mtu wa kuigusa. Kwa kuwa kompyuta na spika zimeunganishwa kwa waya wa sauti, hatari ya kifaa kimoja huhamia kwenye kingine. Mpiga gitaa au mshika kipaza sauti cha waya aliyesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji ndiye atakayelipa gharama ya ukimya huo.

Mtu akikuambia kwamba kuondoa ethi ni "utaalamu wa sauti", mkatalie kwa heshima. Amekitambua chanzo cha mvumo, lakini tiba aliyoichagua ni sumu. Kitenganishi hufanya kazi hiyo hiyo bila kumhatarisha mtu.

Dalili nyingine ya kuzingatia ni mchomo mdogo wa umeme unapogusa bodi ya kompyuta au spika. Baadhi ya chaja za pini mbili hupitisha mkondo hafifu kutokana na kapasita za kuzuia mwingiliano zilizomo ndani yake. Lakini mkono hauwezi kupima mkondo ulio salama na ule wa kuua. Zima kifaa, kichomoe, na umwite fundi.

ARDHI YA SIMIYU NA MAJIRA YAKE

Ubora wa ethi hutegemea udongo ambamo fimbo yake imezikwa. Udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri kuliko udongo mkavu. Katika mkoa wetu, kiangazi ni kirefu. Udongo mweusi wa mbugani hukauka na kupasuka nyufa, na nyufa hizo zinaweza kuiachanisha fimbo na udongo wake. Udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, hupoteza maji haraka. Ndiyo maana ethi iliyopimwa na kuonekana njema wakati wa masika inaweza kuwa dhaifu mwezi wa Agosti. Mlaji anayeona mvumo ukizidi kila kiangazi na kupungua mvua zinaponyesha amepewa dalili asiyopaswa kuipuuza.

Omba fundi apime ethi wakati wa kiangazi, kwa kipimo maalumu, wala si kwa kuwasha taa kati ya waya wa umeme na ethi. Fimbo fupi inaweza kuhitaji kuzikwa kwa kina zaidi, au kuongezewa fimbo nyingine kando yake. Kumwagia maji huleta nafuu ya siku chache tu. Mwombe pia aangalie kama nyumba ina kikata umeme kinachohisi mkondo unaovuja. Kilichozoeleka kwa kinga ya binadamu hukata mkondo wa kuvuja unapofikia miliampia 30.

Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Una haki ya kuomba kuiona leseni yake kabla hajagusa waya. Na ukiona taa zinang'aa kupita kiasi kisha kufifia huku spika zikibadili mvumo, usihangaike na spika: zima swichi kuu na utoe taarifa TANESCO, kwani dalili hizo huweza kuonyesha kwamba waya wa nyutro umelegea, jambo linaloweza kuunguza vifaa vyote vya nyumba.

SOLA, INVETA NA JENERETA

Katika vijiji vingi kompyuta huendeshwa kwa umeme wa jua. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama la gridi, bali wimbi la ngazi ngazi. Ngazi hizo hupenya kwenye spika kama mlio mkali wa kukereza, na huweza pia kupasha moto transfoma za spika za zamani. Kidhibiti chaji cha sola nacho hukata na kuunganisha mkondo mara nyingi kwa sekunde.

Ili kukijua chanzo, zima inveta na usikilize kompyuta mpakato ikiwa kwenye betri yake pamoja na spika ndogo ya kuchajiwa. Sauti ikiwa safi, inveta ndiyo chanzo. Kabla ya kununua nyingine, isogeze mbali na spika na uachanishe nyaya za umeme na nyaya za sauti. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba badala ya kwenda sambamba. Ukinunua inveta mpya, uliza kama inatoa wimbi kamili, na taka jambo hilo liandikwe kwenye risiti.

SIMU NA REDIO

Ule mlio wa kudonoadonoa unaojulikana na wengi hutoka kwenye simu inapowasiliana na mnara kwa teknolojia ya kizazi cha pili. Simu hiyo hairushi mawimbi mfululizo, bali kwa mapigo yapatayo 217 kila sekunde, na waya wa spika huyapokea kama antena. Simu ikiwa mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha, hadi kufikia wati 2 katika masafa ya megahezi 900. Kwa hiyo mwenye nyumba aliye mbali na mnara husikia mlio mkubwa kuliko aliye mjini. Tiba ni kuisogeza simu mita moja au mbili kutoka kwenye spika na waya wake. Mlio huu hauonyeshi kuwa simu inasikilizwa na mtu mwingine, wala hauharibu spika.

Spika inayozungumza kwa sauti ya kituo cha redio wakati kompyuta imezimwa nayo si ya ajabu. Waya mrefu usio na ganda zuri huokota mawimbi hayo. Tumia waya mfupi, na ufunge kipande cha ferati kwenye waya karibu na spika. Iwapo mwingiliano unasumbua redio na televisheni za nyumba nyingi kwa wakati mmoja, tatizo limevuka ukuta wa nyumba yako. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ndiyo inayosimamia masafa, na ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Taarifa yako itaje siku, saa, mahali na aina ya kelele.

KELELE ZA NDANI YA KOMPYUTA

Mlio mwembamba unaofuata mwendo wa kipanya hutokana na umeme wa ndani ya kompyuta kuingia kwenye sehemu ya sauti. Katika kompyuta ya mezani, hamisha plagi ya sauti kutoka tundu la mbele hadi la nyuma. Tundu la mbele hufikiwa kwa waya mwembamba unaopita katikati ya vipande vyenye kelele. Zima katika mipangilio ya sauti njia za kipaza sauti na za kuingizia sauti ambazo huzitumii. Weka sauti ya kompyuta juu kiasi, karibu asilimia 80, kisha punguza kwenye kitufe cha spika. Ukifanya kinyume chake, spika hukuza kelele pamoja na muziki. Mlio ukiendelea, kadi ndogo ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye USB mara nyingi hutosha.

Spika zinazopata umeme wake kutoka USB ya kompyuta hupokea kelele kupitia njia hiyo. Jaribu kuzilisha kwa chaja nzuri ya simu, huku waya wa sauti ukibaki kwenye kompyuta.

Mvumo uliobaki hata baada ya sauti kupunguzwa hadi mwisho huashiria kapasita zilizochoka au transfoma iliyolegea. Usiifungue spika mwenyewe. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Muulize fundi bei ya matengenezo kwanza, kisha uilinganishe na bei ya spika mpya.

UNAPONUNUA, NA UNAPOTAKA KULALAMIKA

Dukani, omba spika iwashwe bila muziki, kitufe kikiwa katikati. Kaa karibu nayo, usikilize. Spika nzima inaweza kutoa mchakacho hafifu, lakini haipaswi kuvuma. Igeuze uone kama imeandikwa volti inazotumia, wati zake na jina la mtengenezaji. Angalia plagi: kifaa chenye bodi ya chuma kilichotengenezewa ethi kisiuzwe na adapta ya pini mbili. Dai risiti ya EFD, na taka muda wa dhamana uandikwe.

Mvumo ukitokea nyumbani, fanya yale majaribio matano kabla ya kurudi dukani. Ikiwa spika huvuma hata ikitumia simu iliyo kwenye betri, na huvuma pia katika nyumba nyingine yenye umeme mzuri, una hoja yenye nguvu. Irudishe mapema pamoja na risiti, boksi na karatasi ya majaribio. Muuzaji akikataa, mwandikie barua yenye tarehe, nawe ubaki na nakala. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na sifa za bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji, yakiwemo ya bidhaa bandia. Masuala ya ubora na viwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania.

Lakini ikiwa spika ilinyamaza mara tu ulipoihamishia kwenye soketi nyingine, muuzaji hana kosa. Nyumba yako ndiyo inayosema. Mvumo wa spika huenda ni taarifa ya kwanza, na ya upole, kwamba ethi imekatika au nyaya zimelegea. Mpe fundi mwenye leseni nafasi ya kuisikia taarifa hiyo kabla haijarudiwa kwa namna isiyo ya upole.